Barua kutoka Erie: Magunzi Yetu Yamepata Kazi Marekani

Mjomba, 

Baridi ya hapa Erie, Pennsylvania, haina adabu. Theluji inapanda kutoka ziwani usiku, asubuhi unatafuta gari kwa koleo. Ndiyo maana wanaume wa huku wakati wa baridi hujifungia gereji, na humo gereji ndimo nilimoyaona ya kukusimulia.

Jirani yangu, mstaafu wa kiwanda cha vichwa vya treni cha hapa mjini, anatengeneza risasi. Usishtuke. Wewe una bao lako, yeye ana risasi. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ingemlaza rumande kabla chai haijapoa. Huku anayejaza risasi za kupiga mwenyewe serikali kuu haimdai leseni, mpaka siku atakapotaka kuziuza.

Mimi sigusi kitu. Sheria zao zinamkataza mgeni wa viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache, mojawapo ya mwenye kibali cha kuwinda. Nimepewa kiti karibu na mlango, nashika kikombe.

Kazi inaanza kwa kuokota. Yeye na wenzake wakishamaliza kulenga shabaha, mzee huyu mwenye magoti mabovu anainama kama mama wa Tunduru chini ya mikorosho, anaokota maganda ya shaba, yake na ya wenzake. Nyumbani anayatia kwenye pipa dogo la umeme linalotikisika usiku kucha ili yang'ae. Na humo ndani ya pipa, Mjomba, kaa chini kwanza, anatia magunzi. Magunzi ya mahindi! Yamesagwa, yamechekechwa, yametiwa kwenye mifuko, yanauzwa dukani kwa dola. Nikayakumbuka malundo ya magunzi tunayochoma Ruvuma kila msimu, sisi tunaopanga foleni kuwauzia NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, punje, nikanyamaza kwa uchungu wa kibiashara.

Maganda yakishang'aa anang'oa fataki iliyokwisha kulipuka, anapachika mpya, anapima baruti, kisha anakandamiza kichwa cha risasi kwa mtambo wa mkono uliofungwa bolti mezani. Kwenye baruti, redio inazimwa. Simu nje. Hata mke haruhusiwi kuuliza nani atatoa takataka. Mizani yake inasoma sehemu ya kumi ya greni, na greni 7,000 ndiyo ratili moja. Akitia kipimo mara mbili kwenye ganda moja, bunduki yaweza kumpasukia usoni. Nilipomweleza jinsi babu alivyokuwa akishindilia gobole, baruti kwa kukadiria na vipande vya nondo juu yake, aliweka kijiko chini akaniuliza babu alibaki na vidole vingapi. Vyote, nikamwambia. Hakuamini.

Siku nyingine nikamsimulia Vita vya Majimaji: Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe mwaka 1905, dawa ya kugeuza risasi maji, na machifu na manduna wetu walionyongwa hapo Songea Februari 27, 1906. Akasikiliza bila kupepesa. Mwisho akauliza, askari wa Mjerumani walikuwa na bunduki gani? Nikasema Mauser, zile za mwaka 1871. Akaguna, akafungua droo, akanionyesha ganda la risasi ya Mauser hizo, nene, la baruti ya moshi. Halafu akauliza swali la fundi: "Na hiyo dawa, nani aliijaribu kabla ya vita?" Nikamjibu kwamba wazee wetu nao waliliuliza, ila wakati huo walikuwa wameshaanza kukimbia.

Sasa usidhani anaua wanyama kutwa. Kulungu ni msimu mfupi tu unaoanza mwisho wa Novemba, na hapo huvaa koti la rangi ya chungwa linaloonekana toka Mbinga. Risasi nyingine zote zinatoboa karatasi.

Ukimuuliza faida, anafungua daftari: risasi yake inagharimu nusu ya ile ya dukani. Mkewe, aliyekuwa anapita na kikapu cha nguo, akasimama. "Zamani ulikuwa unapiga boksi moja kwa mwezi. Sasa unaondoka na ndoo." Mzee akasema ndiyo maana anaokoa pesa nyingi zaidi, kwa sababu anapiga nyingi zaidi. Mama akamtazama, akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyemfundisha hesabu, akaenda zake. Mitambo, mizani na mapipa ya humo ndani, kwa macho yangu, ni bei ya bodaboda mpya na cheni ya akiba.

Nakujua, Mjomba. Hapo ulipo umeshaanza kuniandikia ujumbe. Huo mtambo siupitishi uwanja wa ndege Dar hata ukiniapiza. Nitakuletea koti la rangi ya chungwa, ulivae shambani nguruwe wakucheke. Pesa ya mbolea nimemtumia shangazi, kwa simu yake, si yako, na sababu unaijua.

Wasalimie wote.

Mpwa wako