Baa ya Kumi na Saba

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Sisi walimu wa kwaya, kile kipande cha muziki kilichokaa kati ya mstari wima mmoja na mwingine tunakiita baa. Ndiyo maana mgeni akipita nje ya ukumbi wetu Alhamisi jioni na kunisikia nikifoka, "Wote turudi baa ya kumi na saba!" hubaki akijiuliza hii ni kwaya ya namna gani. Baada ya yaliyonipata juzijuzi, naona tulilipatia jina tangu mwanzo. Ni baa kweli, kama baa la nzige.

Nilitunga wimbo wa mavuno. Kinanda nimekiunganisha na laptopu, laptopu ina programu ya kurekodia, ileile vijana wa studio wanayotengenezea biti zao. Kijana aliyeniwekea aliniapia: "Mwalimu, wewe piga tu. Nota zitajiandika zenyewe." Nikamlipa na soda juu.

Nikapiga sauti nne, moja baada ya nyingine, kisha nikafungua ukurasa wa nota. Kweli zilikuwa zimejiandika zenyewe, kama watoto walioachiwa chaki na ukuta.

Ubaya wa programu hii ni kwamba haisemi uongo. Mpigo mmoja imeugawa vipande 960, na kila kidole kilipotua, imekiandikia kipande chake. Sasa mimi kidole changu cha pete kilibanwa na mlango wa daladala miaka mingi iliyopita, huwa kinachelewa kidogo. Mke wangu hajui. Kwaya haijui. Programu imejua, na imetangaza. Pale nilipokusudia nota moja ya mpigo mmoja, imeandika pumziko lenye mikia minne, halafu nota iliyopungua, halafu kijinota kimefungwa kwake kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Wimbo ambao kwa mkono ungenichukua kurasa tatu ukafika kumi na moja, nami kwenye kutoa kopi nalipa kwa ukurasa.

Tena wimbo wenyewe ni wa sita kwa nane, mwendo unaomfanya hata mzee wa baraza atikise bega. Sikuwa nimeiambia programu, nayo haikuuliza. Ikachukulia ni nne kwa nne, na juu ya kila kundi la nota ikapanda kijitarakimu 3. Ukurasa mzima vijitatu, utadhani matokeo ya mechi.

Nikampigia simu kijana. Akasema kuna kitufe cha kunyoosha. Nikakibonyeza. Nota zikanyooka kweli, zikapendeza, nikataka kulia kwa furaha. Kisha nikacheza wimbo nisikie. Jamani. Ulikuwa unatembea kama askari wa gwaride aliyekunywa uji wa moto. Kumbe nilinyoosha na sauti yenyewe, ule mnato wote ukaenda na maji. Kijana akaniambia ilitakiwa ninyooshe maandishi tu, hicho ni kitufe kingine, kiko menyu nyingine, kina jina linalofanana. Soda yangu naidai.

Lakini lililoniuma zaidi ni sauti ya pili. Wimbo uko kwenye G, na mahali fulani kina mama wanapanda kutoka C shapu kwenda D. Jambo dogo, tamu. Ila kinanda na kompyuta huzungumza kwa lugha yao iitwayo MIDI, iliyokubaliwa mwaka 1983, na lugha hiyo haina majina ya nota, ina namba tu, 0 hadi 127. Kinanda kimesema 61. Hiyo 61 ni C shapu, na hiyohiyo ni D flati, maana kitufe ni kimoja. Programu ikaamua ni D flati, halafu kwenye nota inayofuata ikaweka alama ya kuifuta flati. Kina mama wangu, ambao kusoma nota tunafundishana polepole, wakaona D, wakaona D nyingine, wakaimba D mbili. Nikafoka. Wakanionyesha karatasi. Nikanyamaza.

Mwenye solfa angeandika fe, akaendelea na maisha yake. Na nusu ya kwaya yangu ni watu wa solfa: d, r, m, na nukta mbilimbili katikati. Mwingereza mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeuanzisha mfumo huo katika karne ya 19, John Curwen akaueneza, wamisionari wakatuletea, ukakaa. Unahitaji herufi na nukta tu. Taipureta iliuweza. Chaki inauweza. Laptopu hii, yenye uwezo wa kuigiza okestra nzima, nimefungua menyu zake zote: kuna namba za nyuzi za gitaa, kuna ngoma za nchi nisizozijua, solfa hakuna.

Maneno ya wimbo nayo unayagawa silabi kwa silabi mwenyewe. "Nchi" ni mbili, n-chi, na "ngoma" ni mbili, ngo-ma. Ukiikatia ile n ya ngoma peke yake, silabi moja inakosa nota na beti zote nne zinahama kiti.

Ijumaa usiku nikakata tamaa. Nikachapa ilivyo, nikasema tutaelewana kwa sikio, kama siku zote.

Kilichonitoroka ni baa ya kumi na saba. Nilipokuwa narekodi soprano simu iliita, nikageuka, kiwiko kikagusa kitufe cha mwisho kabisa kushoto. Programu, mkweli wangu, ikaiandikia soprano nota hiyo: ikaishusha chini ya mistari kwa ngazi ya vijistari vinane. Nilipoiona kwenye karatasi nilidhani ni uchafu wa mashine. Ni nota ambayo hata mzee wetu wa besi huifikia akiwa na mafua tu.

Ila tuna mpiga kinanda mpya, kijana mwenye cheti. Yeye hupiga kilichoandikwa. Jumapili, katikati ya mavuno, kapu la mahindi likielekea altare, soprano wakiwa juu kabisa, akanyoosha mkono wa kushoto akapiga ngurumo iliyotikisa vioo. Nikageuka kumtazama. Akaniinamia kwa heshima.

Baada ya misa paroko akanishika mkono: "Mwalimu, ile radi ya mvua ya mavuno, hapo ulitunga." Na Alhamisi hii wazee wa besi wamenijia. Wanataka na wao wapewe hiyo radi, na niiandike kwa solfa.