Maharage ya Bibi Milimani Colorado

Katika milima ya Colorado maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mjini Denver, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tulishazoea kuacha maharage jikoni muda mrefu kuliko tulivyokuwa tukifanya nyumbani. Lakini kambi tuliyokwenda iko ng'ambo ya Kenosha Pass, upande wa Fairplay, ambako ardhi inakaribia mita 3,000 na maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Yanatokota, yanatoa povu, mfuniko unacheza, na punje iliyomo ndani inabaki ngumu. Mama mkwe wangu, bibi wa wanangu, amepika maharage tangu utoto wake Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Alisimama mbele ya jiko la karavani, akaonja, akatema punje kiganjani na kuniuliza: "Mwanangu, gesi ya huku ina nguvu kweli?"

Gesi haikuwa na tatizo. Lakini kueleza mambo ya kanieneo ya hewa kwa mtu mwenye njaa, jioni, ndani ya chumba ambacho watu watano wanapishana kwa ubavu, ni kazi nyingine.

Kambi yenyewe ni ya wanachama. Marekani zipo kambi za serikali ndani ya misitu ya taifa, ambako unalipa kwa kila usiku. Zipo za watu binafsi kando ya barabara kuu. Na zipo hizi za vilabu, ambako unalipa ada ya mwaka kisha unalala bure au kwa malipo madogo, kwa masharti. Sharti la kawaida ni kwamba ukikaa wiki mbili utoke kwa wiki moja kabla ya kurudi. Wapo wastaafu waliouza nyumba zao na wanaishi hivyo mwaka mzima: baridi ikianza wanateremka Arizona na Texas, joto likija wanapanda milimani. Baba watoto alijiunga kwa sababu mama yake alikuwa anakuja kututembelea, na hakutaka amalize ziara kwenye ghorofa yetu ya Aurora, kando ya Denver, akitazama maegesho ya magari. Alitaka mama aone mlima. Nilimuunga mkono tangu mwanzo.

Tulifika mwishoni mwa Septemba, miti ya aspeni ikiwa imegeuka njano mlima mzima. Tuliomba kiwanja chenye umeme, maji safi na bomba la maji taka. Tukapewa chenye umeme na maji tu. Ofisini walisema vyenye bomba la maji taka vimejaa. Baba watoto akapanga kabari kwenye magurudumu, akaweka pimamaji sakafuni, akashusha jeki, na giza likaingia tukiwa tumeshatulia.

Kiwanja kisicho na bomba la maji taka maana yake ni hii. Karavani ina matangi matatu: la maji safi, la choo, na la maji yanayotoka kwenye sinki na bafu. Hilo la mwisho, kwetu, linachukua lita 130 hivi. Mtu mmoja akifungulia bomba la bafu kwa robo saa na zaidi, kama anavyofanya mjini bila kufikiri, analijaza peke yake. Kuna kitufe cha kuonyesha kiasi kilichomo, lakini vihisi vyake vimo ndani ya tangi, na mafuta na mabaki ya sabuni vikigandia hapo vinatoa taarifa ya uongo. Vyetu vilisema nusu.

Umeme nao una kikomo. Plagi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600, basi. Hita moja inakula 1,500. Ukiwasha na maikrowevu huku maji ya kuoga yanapashwa kwa umeme, breka inakatika na vyote hivyo vinazimika. Hilo lilitokea jioni hiyo hiyo, likatatuliwa haraka.

Bibi alipoona jiko la gesi linamshinda, aliomba mafiga. Mawe matatu, kuni kidogo, sufuria yake atailinda mwenyewe usiku kucha. Ikabidi mwanawe amwambie kuwa moto wa nje umepigwa marufuku. Bango lilikuwa getini. Misitu ya huku inakauka, na watu wa Colorado hawajasahau mwaka 2020, moto wa Cameron Peak ulipoteketeza zaidi ya hekta 84,000, mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hilo. Jiko la gesi lenye vali ya kuzima liliruhusiwa, kuni hapana. Tena kuna dubu. Chakula hakiachwi nje, na hata mapipa ya taka ni ya chuma, yenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua. Bibi alisikiliza yote, akasema marufuku ya moto ni jambo la haki, akarudi kwenye gesi.

Ilikuwa yapata saa nne usiku, maharage bado yanatokota, binti yetu mkubwa yuko bafuni, tuliposikia anapiga kelele. Tangi lilikuwa limejaa, na maji yakijaa hutafuta tundu lililo chini kuliko mengine, nalo ni la bafu. Yalikuwa yanapanda miguuni mwake, meusi, na maganda ya vitunguu ya mchana yakielea. Yalivuka kizingiti, yakaingia kwenye zulia la koridoni. Mdogo wake akaruka kitandani na viatu. Nilitupa chini kila taulo tuliyokuwa nayo.

Kumwaga maji hayo pale pale hairuhusiwi, na ni sawa isiruhusiwe, maana chini kuna mto. Kituo cha kumwagia kiko karibu na geti. Karavani yote ilibidi ihame: kung'oa waya wa umeme, kuchomoa mpira wa maji ambao ulishaanza kuwa mgumu kwa baridi, kuondoa vyombo mezani, kuvuta chumba cha pembeni ndani, kupandisha jeki, kuiunga upya kwenye gari. Bibi alikataa kuacha maharage. Alizima jiko, akaifunga sufuria kwa kanga mbili na blanketi, akaipakata kwenye kiti cha mbele cha gari. Kituoni, baba watoto, kwa tochi, akafungua tangi la choo kwanza, kisha la maji ya sinki na bafu ili yasafishe mpira. Lazima iwe hivyo, la sivyo uchafu unabaki ndani ya mpira. Tulirudi kiwanjani usiku wa manane.

Asubuhi Bibi alitwaa madaraka. Kibosho maji ya mashambani hupita kwenye mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka mitoni, na kila ukoo una zamu yake. Akijisahau mtu mmoja, migomba ya mwenzake inakauka. Hakuhitaji kuelezwa tangi la lita 130 ni nini. Aliweka karai ndani ya sinki, akaamuru maji ya vyombo yapelekwe kwa ndoo kwenye sinki la jengo la huduma. Wasichana wakaoge kwenye mabafu ya kambi. Atakayeoga ndani ataoga kwa ndoo na kopo, na zamu zitajulikana tangu jioni. Binti yangu, ambaye nyumbani nambembeleza kufunga bomba anapopiga mswaki, alitii bila neno. Sikuwahi kumwona akimsikiliza mtu namna ile, na nilifurahi mno.

Maharage yaliokolewa na majirani, mume na mke wazee wanaoishi kwenye karavani mwaka mzima. Mama yule alimwona Bibi anachambua punje ngumu, akarudi na sufuria ya presha. Mvuke ukizuiliwa ndani, joto linapita nyuzi 110 hata huku juu, na muda mfupi baadaye punje zilikuwa zinapondeka. Bibi akamenya ndizi mbichi tulizonunua Aurora, akapika kiburu, akawapelekea majirani bakuli kabla hajatupakulia sisi. Walilirudisha tupu, wakauliza ndizi zile zinauzwa wapi.

Kwa wiki iliyobaki tangi halikujaa tena. Presha tumenunua yetu, na nyingine imekwenda Kibosho ndani ya sanduku la Bibi. Ada ya mwaka ujao tumelipa. Tumeomba kiwanja chenye bomba la maji taka, na safari hii tumeomba kwa maandishi.