Gramu 140

Yote yalianza na mbao ambayo haikuwa mbao. Gari letu, Mark X ya mtumba kutoka Japani, lilikuja na vipande vya plastiki vilivyochorwa sura ya mbao, kuzunguka gia na kwenye swichi za vioo. Jua la Dar es Salaam likavila mpaka vikaanza kubanduka. Mke wangu akasema tuvipeleke Gerezani, fundi avibandike stika, yaishe. Mimi nilikuwa na likizo ya siku nne, na ujuaji wangu haujawahi kwenda likizo. Nikasema hapana, nitavivisha kaboni halisi.

Jioni hiyo nikatoa mhadhara mezani. Nikaeleza kwamba mwaka 1981 McLaren walileta MP4/1, gari la kwanza la Formula 1 lenye kiunzi cha nyuzi za kaboni, na kwamba mwaka huohuo dereva wao John Watson aligonga vibaya kule Monza akatoka anatembea kwa miguu yake. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Tanga, alisikiliza kwa adabu. Mke wangu akamaliza kutafuna kwanza.

"Kwa hiyo tukigonga," akauliza, "swichi za vioo ndizo zitakazopona?"

Sikujibu. Kaboni ya McLaren ilipikwa kwa joto na mgandamizo ndani ya tanuri. Yangu ingekuwa vazi tu juu ya plastiki. Lakini mwanamume akishaagiza mita nzima ya kitambaa, hoja kama hizo humwingilia sikio moja na kutokea jingine.

Kitambaa chenyewe, wallahi, ni kizuri. Kimefumwa kwa mshazari kama jinzi, cheusi, kinachezacheza na mwanga, na kila uzi umebeba nyuzinyuzi 3,000 nyembamba kuliko unywele. Ubaya wake huonekana kwenye kukata. Usipotanguliza tepu pale mkasi utakapopita, kingo zinafumuka kama mkeka wa zamani. Nikatumia mkasi wa kushonea wa mke wangu. Nyuzi zile hula makali, na sasa mkasi ule haukati hata uzi wa pindo la khanga. Usiku mikono ikaniwasha mpaka nikalala nimeiweka nje ya shuka.

Halafu mizani. Resini yangu ya epoksi, gundi ya kushikia kitambaa, ilitaka gramu 30 za hadna, dawa ya kuigandisha, kwa kila gramu 100, na haikubali kukisia. Hii si puti ya gari, ambayo fundi akiongeza hadna inawahi kukauka. Epoksi ukiizidishia hadna inabaki laini kama jojo, milele. Nyumbani kulikuwa na mizani moja tu, ile ya mke wangu ya kupimia keki, ya mshale, yenye alama kila baada ya gramu 20. Kupima kidogo kidogo haiwezi. Nikaamua kupima kingi.

Siku ya kwanza nilikuwa fundi kwelikweli. Nikasugua plastiki kwa msasa namba 120, nikapaka koti jeusi la resini, nikasubiri mpaka likawa linanata bila kuchafua kidole, nikalaza kitambaa. Hata mke wangu alisimama mlangoni akaangalia, akaondoka bila kusema kitu. Kwa kumjua kwangu, hiyo ilikuwa sifa.

Siku ya pili nikapima gramu 200 za resini na 60 za hadna kwenye kikombe kimoja cha plastiki. Kopo liliandikwa dakika 20 kwa joto la nyuzi 25. Barazani kwetu mwezi wa kwanza ni nyuzi 32, na resini inapogandana hutoa joto lake yenyewe. Ukiimwaga kwenye sinia pana, joto linatawanyika. Ukiiacha kwenye kikombe kirefu, inajipika. Nilikuwa nimeinamia kipande cha gia, napaka taratibu, kikombe nimekiacha palepale juu ya mizani. Nikasikia harufu, nikageuka: moshi unapaa.

"Udi gani huu, mwanangu?" mama mkwe akauliza kutoka sebuleni.

Kikombe kilikuwa kimelegea kitako. Resini ikateremka kwenye sahani ya mizani, ikapita pembeni, ikaingia kwenye kile kirungu cha kurudishia mshale kwenye sifuri, ikagandia humo. Nilimwaga maji, nikatumia bisibisi, nikatumia maneno ambayo mbele ya mkwe hayasemwi. Haikutoka.

Siku ya tatu unyevu wa pwani ulikuwa umeacha utando wa mafuta juu ya koti. Kumbe huoshwa kwa maji ya uvuguvugu kabla ya msasa. Mimi nikasugua hivyohivyo, msasa ukaziba. Nilipoona hivyo, nikazidisha nguvu. Vumbi likiwa jeupe, unasaga resini. Likigeuka jeusi, umeshaanza kula kaboni. Mimi nililiona jeusi kwanza kwenye kanzu yangu ya Ijumaa, iliyokuwa kambani.

Vipande vikarudi garini siku ya nne, na kwa mbali vinapendeza. Tatizo ni unene. Matundu ya swichi yamebana, na swichi ya upande wa abiria ukiibonyeza inabaki chini, kioo kinashuka mpaka mwisho. Mama mkwe aliigundua njiani kwenda kituo cha basi, katikati ya mvua. Alijifunika khanga, akasema gari lina hewa nzuri.

Wiki iliyofuata akapiga simu kuomba vipimo vya ile keki aliyoipenda. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, kazi niliyopewa bila kikomo, na mizani iko mbele yangu na jiwe lake la resini, mshale umetulia kwenye 140 kabla ya kuwekwa chochote.

"Unga gramu mia sita na arobaini," mke wangu akasema. "Hapana, mama, subiri. Hiyo ni pamoja na kikombe cha mkweo."