Sifa za Mwakilishi wa Taa Yangu

Kazi yangu ni kutengeneza taa za mezani hapa Lubumbashi. Nafua bamba la shaba, nalikalisha juu ya kipande cha jiwe la malakiti, napitisha waya, nafunga ampuli. Mwaka jana mteja mmoja wa Leipzig aliagiza tatu. Tangu hapo nina mtu Ujerumani ambaye sijamwona, namlipa kila mwaka, na leo nimeamua kumsifu, maana kulia nimeshalia vya kutosha.

Yeye ni mwakilishi wa mzalishaji. Hapa mtaani kwetu Katuba tunamwita mandateri. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 19 la mwaka 2012 lilimzaa, sheria ya Ujerumani ya vifaa vya umeme ikamlea. Asiye na makao Ujerumani hauzi huko hata tochi mpaka ateue mtu mmoja, na mmoja tu, aliye huko huko, kwa maandishi, tena kwa Kijerumani. Nilitia saini waraka ambao ndani yake nilielewa jina langu tu.

Ni mwaminifu: ankara yake haijachelewa hata siku moja. Ni mnyenyekevu: barua zangu hajibu, asije akaonekana anapenda maneno. Ni mwalimu pia. Sisi tukisema taa tunadhani tumesema kitu kimoja. Kumbe ampuli imo kundi la 3 na mwili wake umo kundi la 5, kama ndugu waliogombana.

Lakini fadhila inayompita kila binadamu ni jinsi anavyojali maiti. Taa yangu haijafungwa hata kwenye katoni, yeye keshaiandalia mazishi. Imepewa namba inayoanza na herufi DE, kama mtoto anavyopewa cheti. Imechanjwa chale ya pipa la taka lililopigwa msalaba, ili popote itakapoanguka ijulikane si ya jalala la kawaida. Kila mwezi uzito wa ndugu zake unatangazwa kwenye rejista, na mwezi usio na uzito unatangazwa kuwa hauna. Juu ya yote ipo dhamana isiyoguswa na kufilisika kwangu: nikianguka, nikifa, karakana ikigeuzwa baa, taa itazikwa. Shaba itawekwa huku, waya kule, hakuna shangazi atakayegombea urithi. Mjomba wangu alipofariki, daftari la michango lilizunguka mtaa siku tatu tukiomba ubao wa jeneza. Mjomba, kilo themanini, hakuwa na dhamana. Taa, kilo moja na nusu, inayo.

Na ole wako ukikosa mwakilishi, faini inaweza kufika yuro 100,000. Laki moja! Kwa taa tatu, ambazo bei yake yote haikutosha ada ya huyu bwana ya mwaka wa kwanza! Na tangu Julai 2023 hata soko la mtandaoni linakatazwa kukupangishia kibanda bila ile namba...

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Kenya, si nchi bali mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kutafuta televisheni ya okazioni, yaani ya mitumba. Zilikuwa zimepangwa hadi darini, zimetoka Ulaya, nyingine zinawaka, nyingine zinasubiri muujiza. Nikageuza moja nyuma, nikaikuta chale ile ile, pipa na msalaba wake. Moyo ukaruka: hii ni ya ukoo wa taa yangu, ina mwakilishi! Nikamwuliza fundi anayeziuza, mwakilishi huyo yuko wapi?

“Mukubwa,” akasema, “mwenye kuiuza ni mimi. Mwenye kuitupa utakuwa wewe.”

Tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zozote za umeme zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Ndiyo maana zinakuja zikiitwa okazioni: maiti anasafiri kwa tikiti ya mgonjwa. Akifika kwetu ndipo anapokata roho, na anayemzika ni kijana nyuma ya soko, anayechoma nyaya ili apate shaba, moshi wote ukiingia kifuani mwake.

Shaba hiyo, nani ajuaye, huenda ni ya hapa hapa. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuichimba, na malori yanapita mpakani Kasumbalesa usiku na mchana. Sijasikia lori lililozuiwa kwa sababu shaba yake haikuteua mtu wa kuijibia ng'ambo. Ikitoka kwa tani, haiulizwi kitu. Ikitoka kwa kilo moja na nusu, imefungwa ampuli na mikono ya mtu wa Katuba, inadaiwa mdhamini.

Nchi yetu nayo ina sheria ya mazingira ya mwaka 2011, inayosema mchafuzi ndiye mlipaji. Ni maneno mazuri. Ila mchafuzi hana anwani Lubumbashi, na wale tuliowachagua watuwakilishe hatujawaona wakimtafuta.

Basi nimeamua kuwasaidia. Nimeandika waraka wa ukurasa mmoja: kila kiwanda ambacho televisheni yake inaishia soko la Kenya kiteue mtu mmoja, na mmoja tu, anayekaa hapa hapa, aje kuzika. Nimeuandika kwa Kiswahili. Watie saini tu. Wakielewa majina yao, inatosha.