Chipu Isiyokuwepo Haina Kasoro

Wahandisi waalikwa, mmebahatika. Wenzenu huifuata elimu hii ng'ambo. Ninyi imewafuata mkiwa mmekaa, na maji ya chupa mmepewa.

Mada ni kuigiza chipu kwa programu ili kujaribu draiva. Kwa faida ya watu wa bajeti, draiva ndiyo inayoielekeza keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, namna ya kuzungumza na kifaa, iwe kadi ya mtandao au diski. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliichunguza keneli ya Linux, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba kiwango cha makosa kwenye draiva kilifika mara 3 hadi 7 ya kile cha sehemu nyingine. Sikushangaa. Wangeniuliza ningewaambia bure.

Dawa ipo. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu inayojifanya kompyuta nzima: prosesa, diski, kadi ya mtandao, vyote hewa. Draiva ikiandika kwenye rejista, yaani kisanduku cha namba ndani ya chipu, panaamshwa kijisehemu cha programu kinachojibu kama chipu ingejibu. Draiva haijui kwamba imedanganywa, nami sioni sababu ya kuiambia.

Humo mna kifaa kiitwacho edu, kilichotungwa kwa masomo ya keneli ya Linux katika Chuo Kikuu cha Masaryk, Jamhuri ya Cheki. Hakuna kiwanda kilichokitengeneza. Andika 0 kwenye anwani 0x04. Ukisoma, biti zote 32 zimegeuzwa kuwa 1. Andika 5 kwenye 0x08, subiri rejista ya hali iliyoko 0x20 iseme kazi imekwisha, kisha soma: 120, yaani 5×4×3×2×1. Mwanafunzi mwenye haraka huenda akasoma 5 yake ileile, akaondoka akimlaumu mwalimu.

Wapinzani wangu hudai kwamba chipu ya kweli ina tabia ambazo mwongozo haukuziandika: huchelewa, hupata joto, huita prosesa mara mbili pale ilipoahidi mara moja. Haswa! Ndiyo maana siitaki. Mwaka 2008, Linux 2.6.27 ikiwa bado kwenye majaribio, kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e ziliharibiwa kumbukumbu zao za kudumu, zikakataa kufanya kazi. Mkosaji hakuwa hata draiva. Ni ftrace, chombo cha kufuatilia keneli, kilichoandika mahali pasipokihusu. Kadi ya kuigiza ingezimwa na kuwashwa, ikarudi nzima. Je, kosa lenyewe lingeonekana humo? Swali zuri sana. Tuendelee.

Utaratibu wangu ni huu. Nasoma mwongozo, natunga chipu, kisha naandika draiva yake. Hufaulu papo hapo. Ukurasa nilioelewa kinyume, chipu nayo imeuelewa kinyume vilevile, kwa hiyo hatujawahi kugombana. Ni sawa na mwalimu anayetunga mtihani, akaufanya, akausahihisha mwenyewe: nani atampokonya nafasi ya kwanza? Mteja akilalamika kwamba kwenye bodi yake mashine inaganda, namwandikia barua rasmi kwamba bodi yake haikuzingatia programu yangu.

Kuna wanaonitupia habari ya VENOM. Mwaka 2015 iligundulika kwamba kidhibiti cha kuigiza cha diski za flopi ndani ya QEMU kilikuwa na kosa tangu 2004, la kumwezesha mtu aliyefungiwa kwenye mashine ya kuigiza kutoroka hadi mashine mwenyeji. Flopi zenyewe sokoni zilikwisha kuzikwa. Ya kwetu ilikuwa na nguvu za kuvunja ukuta. Hayo si mafanikio, jamani? Makofi tafadhali.

Nahitimisha. Fedha za kununua bodi zifutwe. Maabara igeuzwe ofisi yangu. Draiva ipewe cheti pindi inapopita kwenye chipu iliyotungwa na mwandishi wa draiva hiyohiyo. Na wale vijana wanaompa mwenzao aandike chipu ya kuigiza, wakaiingizia makosa makusudi waone draiva itafanyaje, wakajaribu kila badiliko, halafu bado wakachomeka bodi ya kweli kabla ya kumkabidhi mteja, waonywe vikali. Wateja wao hawapigi simu kabisa; tutajuaje kama wanafanya kazi?

Naomba kutoa hoja.