Sifa za Mgeni Mwenye Brashi

Wapo viumbe ambao dunia haijawasifu vya kutosha: mbu, mbigiri, na mwenyekiti anayeanza hotuba kwa kusema "sitawachosha". Leo naomba kumwongeza volontia, kijana wa Ulaya au Marekani anayekuja kutusaidia kwa wiki mbili kila Julai, akiwa na miaka 19 na kofia pana.

Haki ya kumsifu ninayo. Miaka mitatu mfululizo nimekuwa mkalimani wake hapa Misunkumilo, Mpanda, na malipo yangu yamekuwa soda na fulana moja yenye jina la timu nisiyoijua. Na ieleweke kwamba sisi watu wa Katavi hatumpati kirahisi. Wenzetu wa Moshi na Arusha wanao wa kumwaga; kule mlima unawaita, na jioni kuna piza. Huku Mpanda ndiko reli inakoishia. Mwingereza aliivuta kilomita 210 kutoka Kaliua akifuata madini ya risasi, wala huruma haikuwamo kwenye hesabu zake. Kwa hiyo kijana aliyefika mpaka huku kwa ajili ya huruma tupu, akishuka stendi na vumbi la safari kwenye nyusi, tunampokea kama mvua ya Novemba.

Fadhila zake nyingine nazipitia tu. Anakula mgebuka pamoja na miiba na kusema ni mtamu. Bodaboda ninayemlipa shilingi 1,000 huchukua kwake 5,000, wote wawili wakitabasamu. Amewafundisha watoto wimbo wa kujishika mabega na magoti, hata darasa la tatu zima sasa linajua mwili wa binadamu kwa Kiingereza, isipokuwa ini. Tena anajilipia mwenyewe kila kitu, pamoja na ada nono ya kampuni iliyomleta, ambayo kazi yake kubwa, kwa ninavyoona, ni kutupigia simu Mei kuuliza kama ukuta bado upo.

Upo. Na hapa ndipo ilipo fadhila kuu ya mgeni huyu: rangi.

Mwaka wa kwanza ukuta wa darasa la tatu la shule yetu ulipakwa bluu. Mwaka wa pili ukapakwa njano, juu yake tembo wawili. Mmoja ana miguu mitano, maana wachoraji walimwanza kutoka pande mbili. Mwaka wa tatu tembo wakafutwa kwa kijani, ikachorwa ramani ya dunia. Rangi ilichuruzika usiku, Madagaska ikaungana na Msumbiji, na Ziwa Tanganyika likasogea mpaka maeneo ya Dodoma. Mwalimu akifika kati ya Msumbiji na Madagaska hufunika kwa kiganja na kusema, "Watoto, hapa pana bahari."

Fikiria, ndugu msomaji, heshima ya ukuta uliovishwa mara tatu. Wa kwako nyumbani una koti moja, tena la chokaa. Wetu, wataalamu wa mambo ya kale watakuja kuukwangua miaka 1,000 ijayo, wahesabu matabaka kama wanavyohesabu miduara ya mti, kisha waandike kwamba wakazi wa Misunkumilo walikuwa na dini ya Julai, iliyoabudu tembo wa miguu mitano kabla ya kuongokea dunia. Na ndani ya ukuta huo mna ufa. Unaanzia kona ya dirisha unapanda mpaka kwenye lenta, na mkono wa mtoto unaingia. Ulifunikwa na bluu, ukarudi na mvua. Ukafunikwa na njano, ukarudi ukiwa umempasua tembo katikati. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Juu ya kuupaka rangi hawakusema neno. Jirani yangu fundi aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akasema siku hizi si ukuta unaobeba rangi, ni rangi inayobeba ukuta.

Tushukuru pia kwamba ni brashi, wala si mwiko. Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Pippa Biddle, aliandika jinsi alivyokuja Tanzania na wenzake wa shule kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto yatima. Mchana walipanga tofali. Usiku wanaume wa pale walizibomoa na kuzipanga upya, ili wageni wakiamka wasijue kwamba kazi yao haikufaa. Dada yule alisema ukweli, nami namheshimu. Ila mawazo yangu huenda kwa wale wanaume, wakibomoa taratibu gizani wasije wakawaamsha wafadhili.

Sisemi wote ndivyo walivyo. Kundi la kwanza la volontia wa Kimarekani wa Peace Corps lililoletwa Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na kazi yao ilikuwa barabara. Hao waliulizwa wanajua nini kabla ya kupanda ndege.

Nirudi kwenye sifa. Anajua kulia. Siku ya kuaga mwaka wa kwanza walilia wageni, wakalia watoto, na binti mmoja aliikimbilia gari mpaka barabara kubwa. Mwaka wa pili walilia tena. Mwaka wa tatu watoto walianza kulia simu zilipoinuliwa, na gari ilipokata kona wakarudi kwenye mpira wao. Mtoto wa miaka tisa ana ustadi huo, na tumemfundisha sisi.

Basi, naona ulimi unakataa kusifu.

Shule hiyo hiyo ina mwalimu tunayemwita Madam tu. Ana shahada ya ualimu. Huu ni mwaka wake wa tatu akifundisha Hisabati bila mshahara, akingoja ajira, kwenye madarasa yaliyofurika tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016. Naye anaitwa "wa kujitolea". Kiswahili kimewapa neno moja yeye na yule wa kofia pana, lakini kamati ya shule haikuwapa kiti kimoja. Madam wazazi tunamchangia debe la mahindi, anayetoa anatoa. Siku ya wageni ndiye aliyebeba viti kutoka kanisani, akapika chai ya mgeni rasmi, akashika ndoo ya rangi kijana alipopanda ngazi. Risala ilikuwa na kurasa nne. Jina lake halikuwamo; niliitafsiri mwenyewe, kwa hiyo najua. Na ule ukuta tuliupandisha sisi, tofali za kuchoma, mpaka lenta, kama maboma yote ya nchi hii yanayongoja bati. Hakuna aliyetuimbia.

Hilo si kosa la mgeni. Mgeni hakuandika risala.

Mwaka jana tuliomba fedha za matundu ya choo. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwetu wasichana hupanga foleni mpaka kengele inawakuta hapo hapo. Ofisi moja, siitaji, ikajibu kwamba shule yetu imeshafanyiwa ukarabati na wafadhili mara tatu, tuwapishe wenye shida zaidi. Ukarabati! Mtu mzima mwenye muhuri ameketi kwenye kiti cha kuzunguka akahesabu bluu, njano na kijani, akapata madarasa matatu mapya. Ufa wetu umeingia kwenye taarifa ukiwa umeshapakwa rangi.

Na wageni walituuliza, tusijifiche. Mwaka wa kwanza kabisa, chini ya mwembe wa shule, walituuliza tunahitaji nini. Wajumbe tukatazamana, mimi nikiwamo, kisha mwenyekiti akasema: chochote mtakachopenda. Nikatafsiri hivyo hivyo.

Choo tumeanza kukichimba wenyewe, kila Jumamosi, na shimo limefika futi sita. Barua ya Julai nayo imeshafika. Kampuni inauliza safari hii tunapendelea rangi gani. Nimewajibu kwa Kiingereza changu chote kwamba waje na koleo. Tunazo mbili, na moja haina mpini.