Milioni Moja na Nusu ya Dharura

Redioni kuna bwana mmoja mwenye sauti ya mtu asiyedaiwa. Kila Jumapili asubuhi anatushauri tuweke akiba ya dharura inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Sina ugomvi naye. Ila kwa jinsi anavyopumua kati ya neno na neno, nasikia kabisa kwamba kwake hakuna mtu anayegonga mlango wa choo.

Kwangu Mbagala tuko kumi. Mimi, Mama Rehema, watoto sita, dada wa marehemu baba yangu tunayemwita Shangazi Rambirambi kwa sababu hakuna msiba kuanzia Kongowe hadi Kisarawe usiomfikia kabla ya jua kuchwa, na shemeji yangu Bwana Nauli. Huyu alikuja kutafuta kazi. Hadi leo anatafuta, na kila anapokwenda kutafuta anahitaji nauli. Mama mkwe akishuka kutoka Tabora na dumu lake la asali, tunakuwa kumi na mmoja. Yeye namwita Gavana, tena nikiwa chumba kingine.

Basi nikaitisha kikao. Matumizi yetu ya mwezi, tukibanabana, ni kama 1,100,000. Miezi mitatu ni 3,300,000. Nikatangaza kwamba tutaweka laki moja kila mwezi. Shija, ambaye yuko darasa la tano na hana adabu na hesabu, akasema bila kuinua kichwa: “Miezi 33, Baba. Mimi nitakuwa sekondari, na matumizi yatakuwa yamepanda.” Nikamuuliza, na ile ya miezi sita? “Miaka mitano na nusu.” Huyu ndiye tunayemwita Mkaguzi, na kama wakaguzi wote, hapendwi na anayekaguliwa.

Nikasema kila mtu ataje dharura ni kitu gani kwake. Ndugu yangu, kama una familia kubwa, usiulize swali hilo usiku. Shangazi alisema msiba. Rehema alisema bando kuisha wakati wa kujisomea. Bwana Nauli alisema usaili wa kazi wa ghafla. Wale wawili wadogo walisema chipsi. Gavana, ambaye siku hiyo alikuwa kwetu, alisema dharura kubwa ya nyumba hii ni baba wa nyumba kuwa Mzaramo, kwa maana ngoma ikilia tu akiba inakwenda kucheza. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, kwa hiyo matusi ya sebuleni kwangu yana kibali cha mababu. Nilicheka na kuendelea.

Mama Rehema hakutaja kitu. Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kaunta buku lenye jalada la gazeti. Humo, kumbe, alikuwa ameandika kila balaa la mwaka uliopita pamoja na bei yake. Rambirambi na nauli za misibani, 610,000. Hospitali, 480,000, sehemu kubwa ikiwa ni pacha wetu Doto na mwembe wa jirani. Bati lililoezuliwa na upepo wa masika, 350,000. Halafu ukurasa mzima wa kaka yake mwenyewe, 400,000, umeandikwa kwa wino mwekundu. Jumla 1,840,000.

Hapo ndipo nilipomsahau yule bwana wa redioni. Kipimo chake kinamfaa mtu wa mshahara mmoja na watoto wawili, anayeogopa siku moja kubwa ya kufukuzwa kazi. Nyumba ya watu kumi haisubiri siku kubwa. Balaa kwetu ni dogodogo na linakuja kwa zamu, kila kichwa na lake. Ukitaka kujua uweke kiasi gani, hesabu yaliyokupata mwaka jana badala ya kuhesabu miezi. Tukaukata ukurasa mwekundu (Bwana Nauli aliomba wino ubadilishwe, akanyimwa), ikabaki 1,440,000. Tukasema iwe milioni moja na nusu.

Hospitali ingepungua kama si hesabu ya kadi. Kwa bima ya afya niliyoandikishwa mimi mtumishi wa serikali, nachangia asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anatia 3 nyingine, na inabeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Wanne! Mimi ninao sita wa kuzaa. Tuliandika Rehema, tukaandika Kulwa, tukaandika wale wawili wadogo kwa ajili ya homa zao, nafasi zikaisha. Nje wakabaki Shija, asiyeugua, na Doto, asiyekaa chini. Najua unachowaza kuhusu mapacha wanaofanana na kadi moja. Mama Rehema alikataa hata kabla sijamaliza kukiwaza.

Likabaki swali la pesa zikae wapi. Kwenye simu hapana. Bwana Nauli ana pua ya salio. Kibubu hapana, Mkaguzi anakifungua kwa kijiti cha mshikaki na kukirudisha kama kilivyokuwa. Kwenye kikoba cha Mama Rehema ndiyo, lakini sanduku lao hufunguliwa Jumamosi kwenye mkutano tu, na Doto haanguki kwa ratiba. Tukakubaliana laki tatu zikae nyumbani, zilizobaki ziende kikobani. Gavana akaupenda ule utaratibu wa kikoba: sanduku la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Akapendekeza tuuige kwa zile laki tatu za nyumbani. Ufunguo wa kwanza akapewa Mama Rehema, wa pili Rehema, wa tatu akaufunga mwenyewe kwenye pindo la kanga. Nikauliza wangu uko wapi. Watu wakaanza kuondoa vyombo.

Baada ya wiki chache Gavana akarudi Tabora kuwahi mavuno ya asali. Tulimsindikiza hadi stendi, tukampungia mkono, yeye na kanga yake na pindo lake.

Doto alisubiri kidogo, kwa heshima, kisha akapanda mwembe. Safari hii ni mkono. Hospitali walitaka pesa kwanza, ikiwa ni saa mbili za usiku. Nikampigia Gavana. Akasema ufunguo anao, uko salama kabisa, na kesho ataukabidhi kwa kondakta wa basi. Mama Rehema akanitazama, nikamtazama Bwana Nauli, naye akaomba nauli ya kumfuata fundi wa kuchomelea.

Fundi alikuja na grainda, akakata kufuli moja huku majirani wamejaa dirishani wakijua sasa tunaweka pesa wapi. Doto alifungwa hogo, na anaendelea vizuri mno. Kaunta buku la mwaka huu lina ukurasa mpya, na kwa mpangilio wa mwandiko wa Mama Rehema unasomeka hivi: nauli ya shemeji, 2,000, fundi wa kukata kufuli, 10,000, kufuli jipya, 6,000. Mkono wa Doto umeandikwa chini yake. Ufunguo wa kufuli jipya umetumwa Tabora.